Kavumu: namna gani siri ya usiku ilifichuliwa

Kati ya mwaka 2013 na 2016, katika Kavumu, teritware ya Kabare, jimbo la Kivu Kusini, wasichana wadogo walikuwa wanaondolewa ndani ya nyumba usiku, wazazi wakiwa wamelala. Asubuhi mtoto alipatikana shambani, mara nyingi karibu tu na kwao, akiwa amebakwa na kuumizwa vibaya. Wengi hawakuwa wamefikia miaka 10. Wengine walikuwa bado watoto wa kubebwa mgongoni. Zaidi ya 40 walitendewa hivyo kabla ya mtu yeyote wa maana kukamatwa.

Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza anafikiria kijiji kimoja kilichofichika ndani ya pori, mahali ambapo serikali haijafika. Kavumu siyo hivyo. Iko kwenye barabara kubwa inayotoka Bukavu kwenda Goma, kilometa kama 30 tu kutoka Bukavu. Uwanja wa ndege wa Bukavu uko pale. Polisi walikuwa pale, wanajeshi walikuwa pale, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwa kwenye uwanja wa ndege. Magari ya mashirika yalipita kila siku. Hata tribinali na parke, ni kusema ofisi ya prokireri, ziko Kavumu.

Sasa, mji wenye vyote hivyo uliwezaje kukaa miaka mitatu bila kujua nani anakuja usiku? Ndilo swali ambalo watu wengi wanauliza mpaka leo. Na jibu lake ni la kushangaza kidogo: siri ya Kavumu haikufichwa kwa sababu hakuna aliyejua kitu. Watu wengi walijua kipande kimoja. Ni vipande vyenyewe ambavyo havikukutanishwa.

Mlango uliofunguliwa bila kelele

Kila familia ilikuwa na hadithi yake, na hadithi zote zilifanana. Nyumba za mbao au za udongo, mlango wa mbao wenye kufuli ndogo au kipande cha mti. Watu wanalala. Hakuna anayesikia kitu. Alfajiri mama ananyoosha mkono kitandani na mtoto hayupo.

Swali lililofuata ndilo lililowaumiza wazazi mara ya pili. Namna gani mtu anaingia ndani ya nyumba, anabeba mtoto, na mama hasikii? Wazazi wenyewe walisema wavamizi walikuwa na dawa, unga fulani wa kulaza watu usingizi mzito. Kama unga huo ulikuwa na nguvu ama hapana, hilo ni jambo jingine. Lakini maelezo hayo yalikuwa na matokeo yake: habari ilianza kuonekana kama mambo ya uchawi, na mambo ya uchawi hayaandikiwi dosie nzuri. Polisi anayeambiwa kwamba mwizi ametumia unga hana mahali pa kuanzia. Jirani anayesikia hivyo anaogopa kusema zaidi, juu hajui nani amemsimamia nyuma.

Halafu kuna haya. Katika vijiji vingi vya mashariki, familia ya mtoto aliyebakwa inawaza kwanza namna ya kumficha: ataolewa na nani kesho, watoto wenzake watamwita jina gani. Kuna wanaokubali mbuzi au pesa kidogo ili mambo yaishe kimyakimya. Wale wa Kavumu hawakuwa hata na mtu wa kuwapa hiyo mbuzi, kwa sababu mkosaji hakujulikana. Walibaki na mtoto mgonjwa, na karatasi ya hospitali mfukoni.

Dosie moja, mtoto mmoja

Sheria haikukosekana. Tangu mwezi wa saba 2006, Kongo ina sheria kali juu ya jeuri ya kingono. Inasema uchunguzi wa kwanza ufanyike kwa mwezi mmoja, na kesi yote pamoja na hukumu ziishe kwa miezi mitatu. Inasema pia mhanga asaidiwe na daktari na mtaalamu wa mambo ya akili, na kwamba faini ya kulipa ili mambo yaishe haizimi kesi. Ukiisoma unaweza kufikiri kwamba imeandikwa kwa ajili ya Kavumu.

Tatizo lilikuwa namna ya kuitumia. Kila mara mtoto mmoja alipopatikana, dosie moja ilifunguliwa: ubakaji wa mtoto, mkosaji hajulikani. Mtoto wa pili, dosie ya pili. Wa tatu, ya tatu. Afisa anayeshika dosie moja ana nyumba moja, usiku mmoja, shahidi ambaye hajui kuongea vizuri, na hakuna jina. Anaandika, anangoja, anaweka pembeni. Siyo lazima awe mtu mbaya. Ukiangalia tone moja moja hutaona mto.

Wa kwanza kuona mto walikuwa waganga wa hospitali. Watoto wa Kavumu walipelekwa Panzi, huko Bukavu, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, ambaye baadaye, mwaka 2018, alipewa tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad. Panzi ilikuwa imezoea kupokea wanawake waliobakwa vitani. Lakini hapa walikuwa wanapokea watoto, mmoja nyuma ya mwengine, kutoka sehemu moja, wameibwa kwa namna moja, wana majeraha yanayofanana. Daktari anayefanya operesheni kwa mtoto wa kumi kutoka Kavumu hawezi kudanganyika kwamba ni kesi kumi mbalimbali. Ni mambo ya mtu mmoja au kundi moja.

Waganga wakaanza kusema hivyo kwa sauti. Mashirika ya kiraia ya Kabare yalikuwa yanasema pia. Waandishi wa habari, kati yao Mmarekani Lauren Wolfe, wakaandika katika magazeti ya nje, na wakubwa wa Kinshasa wakaanza kuulizwa maswali ambayo hawakupenda.

Kubadilisha jina la kosa

Hapa ndipo kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalielewi vizuri, na linastahili kuelezwa polepole. Mwanzoni mwa 2016, mashirika yaliyosaidia familia, kati yao Physicians for Human Rights na TRIAL International, pamoja na waganga wa Panzi na avoka wa wahanga, yalisukuma wazo moja: dosie zote zikutanishwe, na kosa lipewe jina lake la kweli. Siyo ubakaji mara arobaini. Ni uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Tofauti yake ni nini? Mkataba wa Roma, ambao Kongo iliukubali mwaka 2002, unasema kosa kama ubakaji au kuua linakuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu kama limefanywa ndani ya shambulio kubwa au lililopangwa, dhidi ya raia. Neno muhimu ni hilo: lililopangwa. Katika dosie moja huwezi kuonyesha mpango. Ukiweka dosie zote juu ya meza moja, mpango unajionyesha wenyewe: saa ileile ya usiku, watoto wa umri uleule, mtaa unaozunguka mahali pamoja.

Oditora ya jeshi, ni kusema ofisi ya prokireri wa kijeshi, ikachukua kesi. Wengine wanauliza kwa nini jeshi, wakati washtakiwa ni raia. Sheria ya Kongo inaruhusu raia aliyetumia silaha za vita apelekwe mbele ya korti ya kijeshi. Na huko Kavumu, ukifuata nyayo, ulikuwa unafika kwenye silaha.

Nyayo hizo zilielekea Bishibirhu, shamba kubwa la zamani karibu na Kavumu, ambalo lilikuwa limeshikwa na watu wenye bunduki. Kundi lao lilikuwa na jina la Kiswahili ambalo hata mtoto analielewa: Jeshi la Yesu. Jina zuri linaweza kubeba mambo mabaya sana. Na aliyetajwa kuwa mkubwa wa kundi hilo hakuwa mtu wa porini. Alikuwa Frédéric Batumike, depite wa bunge la jimbo la Kivu Kusini, mtu wa suti na gari, ambaye wenyeji walimpigia salamu barabarani.

Sasa unaelewa kwa nini midomo ilifungwa. Mkulima wa Kavumu anayemshuku jirani wake anaweza kwenda kwa chefu wa kijiji. Anayemshuku depite anakwenda kwa nani? Depite ana kinga ya bunge, anawajua wakubwa wa polisi, na usiku ana watu wenye silaha. Mwezi wa tatu 2016, mtetezi mmoja wa haki za binadamu ambaye alikuwa anafuatilia mambo ya kundi hilo aliuawa nyumbani kwake, hapo Kavumu. Ujumbe ulifika kwa kila mtu.

Mwezi wa sita 2016, Batumike alikamatwa, pamoja na watu wengine wengi wa kundi lake. Kilichofuata ndicho kinachosema zaidi kuliko hotuba yoyote ya avoka: baada ya kukamatwa kwao, kuibwa kwa watoto usiku kulisimama.

Kumsikiliza mtoto mara moja tu

Kukamata ni jambo moja, kuhakikisha mbele ya jaji ni jingine. Mashahidi wakubwa wa kesi hii walikuwa watoto wa miaka mitatu, minne, saba. Kwa kawaida mtoto kama huyo anasimulia kwa polisi, kisha kwa prokireri, kisha kwa avoka, kisha mbele ya korti yenye watu wamejaa na mshtakiwa amekaa mita tano. Kila mara anarudia usiku ule. Na kila mara anabadilisha kidogo, kama mtoto yeyote, na avoka wa upande wa pili anasimama kusema: munaona, anasema uongo.

Kwa Kavumu walijaribu njia nyingine. Watoto walihojiwa na watu waliofundishwa kuongea na watoto, na maongezi yakarekodiwa kwa video. Majaji waliangalia video. Mtoto hakulazimika kusimama mbele ya waliomtesa. Pamoja na video kulikuwa na karatasi za daktari zilizoandikwa kwa namna ambayo korti inaweza kuzitumia. Na hilo nalo ni kazi: daktari wa kawaida anaandika jeraha ili alitibu, lakini daktari anayeandikia korti anaeleza pia jeraha liko wapi, lina umri gani, na linapatana ama halipatani na kile mhanga anachosimulia.

Kwa familia yoyote, hata leo, hapo ndipo mambo mengi yanapotea. Mama mzuri anamwosha mtoto, anafua nguo, anamlaza, ndipo anawaza hospitali. Ni upendo, lakini ushahidi unakwenda na maji. Nguo ziwekwe bila kufuliwa, ndani ya karatasi au bahasha kuliko ndani ya mfuko wa plastiki, juu plastiki inafanya zioze. Na mtoto afikishwe kwa daktari ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazina faida kama zimeanza baada ya hapo. Aliyechelewa asikate tamaa, aende vilevile: majeraha yanatibiwa na karatasi inaandikwa.

Korti inakuja Kavumu

Kesi ilifunguliwa tarehe 9 mwezi wa 11, 2017. Korti ya kijeshi ya Kivu Kusini haikuwaita watu Bukavu. Ilihama yenyewe na kukaa Kavumu. Uamuzi huo ulikuwa na ubaya na uzuri wake. Ubaya, mashahidi walipaswa kutoa ushahidi katikati ya watu waliowajua, karibu na familia za washtakiwa. Kwa hiyo walifunikwa mwili mzima, sauti zao zikabadilishwa kwa mashine, na majina yakawekwa siri. Uzuri, wenyeji waliona kwa macho yao depite akiwa amekaa kwenye benchi la washtakiwa. Kuna mambo ambayo redio inaweza kutangaza mara mia na watu wasiamini mpaka wayaone.

Korti ilielezwa sababu ya uovu huo, na ni sababu ambayo imesikika pia katika makundi mengine ya mashariki: mfumu, yaani fetisheri wa kundi, aliwafundisha wapiganaji kwamba damu ya wasichana wadogo itawapa ulinzi, risasi zisiwapate. Hakuna ulinzi wa namna hiyo. Lakini angalia jinsi imani hiyo ilivyofanya kazi mara mbili: iliwapa wakosaji sababu ya kufanya, na habari ya unga wa usingizi ikawapa wengine sababu ya kutouliza maswali ya kawaida. Nani alikuwa na silaha? Nani alipita barabara ya Bishibirhu saa nane ya usiku? Nani aliogopwa na polisi?

Tarehe 13 mwezi wa 12, 2017, hukumu ikasomwa. Watu 11, Batumike akiwa kati yao, walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa ajili ya kubaka na kuua. Wasichana 37 ndio waliohesabiwa katika hukumu hiyo. Batumike hakuhukumiwa kwa kuingia yeye mwenyewe ndani ya nyumba za watu. Alihukumiwa kama mkubwa wa wale walioingia: alikuwa na mamlaka juu yao na hakuwazuia. Kwa Kongo, depite aliye kazini kuhukumiwa kwa makosa ya watu waliokuwa chini yake lilikuwa jambo jipya kabisa. Mwezi wa saba 2018, korti kuu ya kijeshi ilisikiliza rufaa na kuthibitisha hukumu.

Deni lililobaki

Kuna kipande kimoja ambacho familia hazikupata. Avoka wao waliomba korti iseme kwamba serikali nayo ina kosa, kwa sababu ilikuwa na polisi, wanajeshi na tribinali palepale, na kwa miaka mitatu haikuwalinda watoto. Korti ilikataa, na rufaa haikubadilisha hilo. Fidia iliamriwa, lakini ilipwe na waliohukumiwa.

Hapo kila mtu anayejua maisha ya Kongo anaelewa. Mpiganaji aliyefungwa maisha hana kitu cha kuuza. Unaweza kuwa na karatasi ya korti yenye mihuri yote na usipate hata pesa ya basi ya kumpeleka mtoto Panzi kwa daktari. Kama serikali ingehesabiwa kuwa na kosa, angalau kungekuwa na mlipaji ambaye hawezi kusema hana mali. Kwa mtazamo wa haki tu, ni vigumu kuelewa jinsi korti iliyoonyesha vizuri hivyo mpango wa wakosaji ilivyopita haraka hivyo juu ya usingizi wa waliopaswa kulinda.

Tangu mwezi wa 12, 2022, kuna sheria mpya inayolinda wahanga wa jeuri ya kingono ya vitani na wahanga wa makosa makubwa dhidi ya amani na usalama wa binadamu, na imeanzisha mfuko wa taifa wa fidia, FONAREV. Kwenye karatasi, mfuko huo umetengenezwa kwa watu kama hawa, ambao wameshinda kesi na hawajui wamfuate nani. Familia inayotaka kuomba inahitaji kuwa na nakala ya hukumu na karatasi za hospitali mahali salama, na hilo si jambo dogo katika eneo ambalo watu wanakimbia vita mara kwa mara. Mwezi wa pili 2025 vita vilifika Kavumu kwenyewe: uwanja wa ndege ulichukuliwa na M23, na Bukavu ikafuata baada ya siku chache. Watu walikimbia na godoro, sufuria, mtoto mkononi. Nani anakumbuka dosie wakati huo?

Wale waliokuwa na miaka minne mwaka 2013 sasa ni wasichana wakubwa. Wanajua kusoma, na jina la kijiji chao limeandikwa katika hukumu. Wengine wanahitaji bado matibabu, kwa sababu mwili wa mtoto uliofanyiwa operesheni unakua, na operesheni ya utotoni huenda ikahitaji kurudiwa wakati wa ujana au wa kuzaa. Panzi inajua hilo, na mama zao wanajua hilo tangu siku ya kwanza.

Kuhusu mlango, wazazi wengi wa Kavumu walibadilisha desturi yao zamani, hata kabla ya depite kukamatwa. Mtoto wa kike analala katikati, siyo pembeni.